Simu ya Nyumbani, Kumbukumbu ya Mtoto: Jinsi ya Kufuatilia Ugonjwa wa Muda Mrefu Kati ya Kliniki Moja na Nyingine

SOMO LA AFYA KWA WAZAZI NA WALEZI

Mtoto mwenye selimundu, kifafa, pumu au kisukari huonana na daktari mara moja kwa mwezi, na wengine mara moja kwa miezi mitatu. Akifika kliniki hukaa mbele ya daktari kwa dakika chache tu. Siku zote zilizobaki ugonjwa wake uko nyumbani: usiku anapokohoa, alfajiri anapolia kwa maumivu ya miguu, shuleni anapoanguka. Wanaoona hayo ni mama, baba, nyanya, dada wa nyumbani au mwalimu.

Ndiyo maana swali la kwanza la daktari huwa, "Tangu tuonane mara ya mwisho, imetokea mara ngapi?" Jibu linalosikika zaidi ni, "Mara nyingi tu, daktari," au, "Siku hizi afadhali." Majibu hayo yanatoka moyoni, lakini hayana kipimo. "Mara nyingi" ya mama mmoja ni mara mbili, ya mwingine ni mara kumi, na daktari anapanga dawa kwa jibu hilo hilo.

Somo hili linaeleza jinsi mzazi wa Kaunti ya Kilifi anavyoweza kutumia simu aliyo nayo, hata ikiwa ni kabambe, kuweka kumbukumbu ambayo daktari ataitumia. Hakuna programu ya kununua wala bando linalohitajika. Kinachohitajika ni saa ya simu, kengele yake, na mazoea ya kuandika mistari miwili kila tukio linapotokea.

KWA NINI KUMBUKUMBU HUBADILISHA MATIBABU

Mfano ni huu. Mtoto wa miaka saba mwenye kifafa ameanguka mara nne kwa mwezi mmoja. Mbele ya daktari kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, dawa anayopewa haimtoshi. La pili, dawa inatosha ila mtoto hakuipata, pengine kwa sababu iliisha siku sita kabla ya kliniki, au familia ilisafiri kwenda matangani na chupa ikasahaulika nyumbani.

Mambo hayo mawili yana tiba tofauti kabisa. Ikiwa dawa haitoshi, daktari huongeza kipimo au hubadilisha dawa. Ikiwa mtoto aliikosa, kuongeza kipimo ni kumtwika mzigo usio wake: atasinzia darasani, atakuwa mzito wa kuelewa, na bado ataanguka tena siku dawa itakapokosekana. Anayeweza kumwonyesha daktari tofauti hiyo ni yule aliyeandika siku ambazo mtoto alimeza dawa, siku alizokosa, na siku alizoanguka.

Hapa ndipo wazazi wengi hukwama. Mzazi huogopa kugombezwa, basi husema mtoto amemeza dawa kila siku. Nia ni njema, lakini anayelipa ni mtoto. Neno "alikosa" ni habari ya matibabu sawa na homa au kikohozi. Kumbukumbu yenye mapengo yaliyoandikwa kwa uaminifu ina faida kuliko ile iliyojazwa yote usiku wa kuamkia kliniki.

MAMBO MATANO YA KUANDIKA KILA MARA

Ugonjwa wowote uwao, kila tukio linahitaji mambo matano:

1. Tarehe na saa.
2. Kilichoonekana, kwa maneno ya kawaida.
3. Kilidumu kwa muda gani.
4. Kilichofanywa au dawa iliyotolewa, na kiasi chake.
5. Kilichofuata: alipona, alilala, alipelekwa zahanati.

Mistari miwili inatosha. Kwa mfano: "Jumanne tarehe 4, saa tisa usiku. Kikohozi na kifua kulia kama filimbi, nusu saa. Alivuta inhela ya buluu mara mbili. Alilala hadi asubuhi." Mhudumu anayesoma mstari huo hahitaji kuuliza zaidi.

Mzazi aandike alichokiona, si alichokidhani. "Alikodoa macho, mkono wa kulia ukatikisika" kunamsaidia daktari. "Alipagawa" au "alipandwa na kitu" hakumsaidii.

Jambo moja la kuangalia sana ni saa. Simu husoma saa kwa namna moja na watu husema kwa namna nyingine. Simu ikionyesha 8:00 za jioni au 20:00, nyumbani hiyo ni saa mbili usiku. Mzazi aliyeambiwa dawa ni "saa mbili usiku" akaweka kengele ya simu kwenye 2:00, ataamshwa saa nane za usiku, au kengele italia mchana mtoto akiwa shuleni. Njia salama ni kuandika neno la wakati kila mara: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kwenye kabambe, saa na tarehe huweza kurudi nyuma betri ikitolewa, kwa hivyo zikaguliwe kila betri inaporudishwa.

SELIMUNDU: HOMA, MAUMIVU NA DAWA ZA KILA SIKU

Selimundu, ambayo wengi hapa huiita sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya selimundu bila kuugua, kila mimba yao ina uwezekano wa mara moja kati ya nne wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa huo. Ni jambo linalowahusu sana wakaazi wa Pwani, kwa kuwa chembe hiyo imeenea zaidi katika maeneo ambayo malaria imekuwepo kwa vizazi vingi.

Kitu cha kwanza cha kupima ni joto la mwili. Mtoto mwenye selimundu hana kinga ya kutosha dhidi ya baadhi ya bakteria kwa sababu wengu, ambao wengine huuita bandama, huharibika mapema. Homa ambayo kwa mtoto mwingine ingesubiri hadi asubuhi, kwake inaweza kuwa sumu ya damu inayoua kwa saa chache. Kipimajoto cha kidijitali cha kuweka kwapani ndicho kifaa cha kwanza cha kununua katika nyumba hiyo. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, mzazi aandike saa na kipimo, kisha mtoto apelekwe hospitali muda huo huo. Kumpa dawa ya homa na kungoja kuona kama itashuka ni hatari.

Cha pili ni maumivu. Mtoto mkubwa anaweza kutaja nambari, kuanzia sufuri, yaani hakuna maumivu, hadi kumi, yaani maumivu makali kuliko yote anayoyajua. Kwa mtoto mdogo, mzazi aangalie mchezo wake na kuandika mojawapo ya haya: anacheza, anacheza kidogo, hachezi, analia akiguswa. Aandike pia mahali panapouma na kilichotangulia: mvua iliyomlowesha, kuogelea baharini hadi akahisi baridi, siku ya joto ambayo hakunywa maji ya kutosha, au homa. Baada ya miezi mitatu mpangilio huanza kuonekana, na mzazi hujua la kuepuka.

Cha tatu ni wengu. Kliniki nyingi za selimundu humfundisha mzazi kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mzazi aliyefundishwa anaweza kufanya hivyo mara moja kwa wiki na kila mtoto anapougua, na kuandika kama wengu unasikika na umefika wapi. Wengu ukivimba ghafla huku mtoto akiwa amepauka na amelegea, damu nyingi imenaswa humo. Hapo hakuna la kusubiri.

Cha nne ni dawa. Watoto wa chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku ili kuzuia maambukizi, na wengi hupewa pia foliki asidi na dawa ya kuzuia malaria. Wengine hutumia haidroksiyurea. Utafiti wa REACH uliochapishwa 2019 ulifuatilia watoto 606 waliotumia dawa hiyo katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya. Kituo cha Kenya kilikuwa hapa Kilifi. Baada ya kuanza dawa, watoto hao walipata maumivu makali kwa nadra zaidi, malaria na maambukizi mengine yakapungua, wachache zaidi wakahitaji kuongezewa damu, na vifo vikapungua.

Lakini haidroksiyurea hufanya kazi ikimezwa kila siku, hata siku mtoto yuko mzima na anacheza mpira. Hiyo ndiyo siku ambayo ni rahisi kuisahau. Kengele mbili za simu husaidia: ya kwanza wakati wa dawa, ya pili nusu saa baadaye kwa ajili ya kuuliza, "Amemeza?" Dawa hii pia huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, kwa hivyo tarehe ya kliniki iwekwe kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla, ili nauli itafutwe mapema.

KIFAFA: SAA NA VIDEO

Daktari mara chache humwona mtoto akiwa katika kifafa. Hutegemea masimulizi ya mtu aliyekuwa na hofu wakati huo, ambaye dakika mbili zilimwonekea kama nusu saa. Kwa ugonjwa huu, simu ina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kupima muda. Mtoto anapoanza kutikisika, mtu mmoja amhudumie na mwingine aangalie saa. Mtoto alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na nguo ya shingoni ilegezwe. Asitiwe kitu chochote kinywani: si kijiko, si maji, si dawa ya kunywa. Asishikwe kwa nguvu. Kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla mtoto hajazinduka, ni dharura ya kupelekwa hospitali. Saa ndiyo itakayosema kama dakika tano zimefika.

Kazi ya pili ni video. Ikiwa kuna mtu wa pili na simu yenye kamera, arekodi mwili mzima wa mtoto kwanza, kisha uso na macho, kisha mikono na miguu. Amwite mtoto kwa jina ili daktari aone kama anajibu. Aendelee kurekodi hadi mtoto anapotulia, kwa kuwa namna anavyozinduka nayo ina maana. Dakika moja ya video inaweza kumwonyesha daktari kama tukio lilianza upande mmoja wa mwili au mwili mzima, na kama ni kifafa au ni kuzirai. Mzazi akiwa peke yake, video iachwe. Mtoto kwanza.

Si kila kifafa huangusha. Kuna mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache, macho yakiwa yametazama mbali, kisha anaendelea na kazi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaweza kudhani ni mtundu au hasikilizi. Mzazi akimwomba mwalimu aandike siku na saa za kuduwaa huko, daktari atapata habari ambayo nyumbani haionekani.

Baadhi ya wazee hapa Pwani huuita mtukutiko wa mtoto mdogo mwenye homa nyuni au degedege, na familia nyingi huanzia kwa mganga. Kumbukumbu haimkatazi mtu heshima kwa wazee wake. Aandike tu kila dawa mtoto aliyopewa, ya hospitali na ya mitishamba, ili daktari ajue kilichomo mwilini. Na dawa ya kifafa isikatizwe ghafla hata mtoto akikaa miezi mingi bila kuanguka, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kisichokoma. Uamuzi wa kuipunguza ni wa daktari, naye huufanya akiangalia rekodi.

PUMU: KUHESABU PUMZI, USIKU NA MIVUTO

Pumu hudanganya. Mchana mtoto anakimbia uwanjani, usiku anakaa kitandani akitafuta hewa. Mzazi aandike mambo matatu kila wiki: ni usiku mangapi mtoto aliamshwa na kikohozi, ni siku ngapi alihitaji inhela ya kutuliza, ambayo kwa kawaida ni ya buluu, na ni siku ngapi alishindwa kucheza au kwenda shule. Mtoto anayehitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kikohozi, pumu yake haijadhibitiwa na anafaa kurudi kliniki hata kama tarehe haijafika.

Mtoto anapoonekana kupumua kwa shida, pumzi zihesabiwe. Saa ya simu iwekwe dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia na halii. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kiasi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Ngozi kati ya mbavu ikizama ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kuongea au kunyonya, apelekwe hospitali bila kusubiri hesabu.

Inhela nayo ihesabiwe. Inhela nyingi za kutuliza zina mivuto 200 na hazina kionyeshi cha kilichobaki. Ikitikiswa inaweza kusikika kama ina kitu ilhali dawa imeisha na kilichobaki ni gesi tu. Mzazi aandike tarehe aliyoifungua na idadi ya mivuto inayotumika. Inhela ya buluu ikiisha upesi kuliko kawaida, hiyo yenyewe ni habari ya kumpelekea daktari. Mtoto mdogo huivuta vizuri zaidi kupitia chombo cha kati kati ya inhela na mdomo. Kisipopatikana, muuguzi anaweza kumwonyesha mzazi jinsi ya kukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita.

Sababu nazo ziandikwe: moshi wa kuni, tanuri la makaa la jirani, dawa ya mbu ya kuchoma, vumbi la kufagia, mafua. Familia inayogundua kwamba kila shambulio lilifuata usiku wa dawa ya mbu ya kuchoma, inaweza kutumia neti peke yake na kuona tofauti.

KISUKARI: NAMBARI NA CHAKULA PAMOJA

Kwa mtoto anayedungwa insulini, mashine ya kupima sukari huhifadhi nambari, lakini nambari peke yake haisemi kitu. Kando yake iandikwe saa, kiasi cha insulini, na kama mtoto alikuwa amekula au bado. Sukari ikishuka chini ya 4, au mtoto akitetemeka, akitokwa na jasho na kuchanganyikiwa, apewe kitu chenye sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, asilazimishwe. Akimbizwe hospitali. Kipimo cha insulini hakibadilishwi kwa ushauri wa jirani wala wa mtandao.

ASIYE NA SIMU JANJA

Kazi yote iliyoelezwa hapa, isipokuwa video, inawezekana kwa kabambe. Kengele ipo. Kalenda ipo. Mzazi anaweza kujiandikia ujumbe mfupi na kuuhifadhi bila kuutuma. Asiyependa kuandika anaweza kutumia kinasa sauti ikiwa simu yake inacho, au kumwambia mtoto wake mkubwa amwandikie.

Katika nyumba nyingi simu ni moja na huondoka na baba asubuhi. Hapo daftari la shule la kurasa chache, lililofungwa kwa uzi pamoja na kalamu na kutundikwa karibu na dawa, ndilo kumbukumbu kuu, na simu hubaki kuwa kengele ya jioni. Dawa ya alfajiri inaweza kufuata adhana, na ya usiku ikafuata taarifa ya habari redioni. La muhimu ni kila anayebaki na mtoto ajue daftari liko wapi. Mzazi anayempeleka mtoto kwa nyanya Ganze wakati wa likizo apeleke na daftari, amwambie, "Mama, kila akimeza dawa weka alama hapa, na akiugua andika saa."

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao wengi huwaita CHP, wanaweza kusaidia. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua vifurushi vya kazi kwa wahudumu hao kote nchini, vikiwa na kipimajoto, mizani na mashine ya kupima sukari, pamoja na simu za kuwekea taarifa. Mhudumu anapotembelea boma, mzazi amwonyeshe daftari la mtoto.

SIRI YA MTOTO

Taarifa za afya ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa na wengine. Lakini sheria haiwezi kurudisha video iliyokwisha kusambaa.

Video ya mtoto akiwa katika kifafa ni ya daktari. Haifai kuwekwa kwenye kundi la wazazi wa shule, la chama, la ukoo wala kwenye hali ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuombewa. Mtoto huyo atakua, atasoma na wenzake, ataoa au kuolewa. Simu iwe na nambari ya siri, na ikiuzwa au kupelekwa kwa fundi, picha na video hizo ziondolewe kwanza.

Mtoto wa miaka kumi na kuendelea ashirikishwe. Aulizwe kabla ya kurekodiwa, na aanze kuandika mwenyewe. Siku moja ugonjwa huo atausimamia bila mama.

SIMU SI DAKTARI

Kumbukumbu haitibu. Haipasi kumchelewesha mtu anayetakiwa kuwa njiani. Kutoka Bamba hadi mji wa Kilifi ni mbali, na usiku ni mbali zaidi. Mtoto apelekwe kwanza, mistari miwili itaandikwa akiwa tayari mikononi mwa wahudumu.

Simu pia huleta mambo yasiyo ya kweli. Programu zinazodai kupima oksijeni au sukari kwa kuweka kidole kwenye kamera zisitumiwe kuamua tiba ya mtoto. Ujumbe unaosambazwa kwamba mti fulani huponya selimundu au kisukari usiwe sababu ya kuacha dawa. Anayetaka kujaribu jambo amuulize kwanza muuguzi wa kliniki.

Kila nyumba yenye mtoto wa aina hii iwe imehifadhi nambari tatu: ya kituo cha afya kilicho karibu, ya mhudumu wa afya ya jamii, na ya dereva au bodaboda anayekubali kuitwa usiku. Nambari hizo ziandikwe pia ukutani, kwa sababu chaji huisha.

SIKU YA KLINIKI

Daktari hana muda wa kusoma ujumbe sitini. Jioni kabla ya kliniki, mzazi ahesabu na kuandika muhtasari wa mistari minne kwenye karatasi moja:

- Imetokea mara ngapi tangu kliniki iliyopita.
- Tukio baya kuliko yote lilikuwa lini, na lilikuwaje.
- Siku ngapi mtoto alikosa dawa, na kwa sababu gani.
- Swali moja ambalo mzazi anataka lijibiwe.

Karatasi hiyo ibebwe pamoja na Kitabu cha Mama na Mtoto na maganda ya dawa zote anazotumia. Daktari akibadilisha dawa au kipimo, mzazi amwombe aandike au ayarudie maneno polepole ayaandike mwenyewe, kabla ya kutoka chumbani. Kengele ya simu ibadilishwe hapo hapo.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI BILA KUNGOJA

- Selimundu: joto la nyuzi 38 au zaidi, kupauka ghafla au tumbo kuvimba upande wa kushoto, mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au kushindwa kuongea, maumivu ya kifua na kupumua kwa shida, maumivu yasiyotulia kwa dawa ya nyumbani.
- Kifafa: kupita dakika tano; kurudi kabla mtoto hajazinduka; kuumia kichwani; mtukutiko wa mara ya kwanza kabisa.
- Pumu: mbavu kuzama ndani, kushindwa kuongea, kula au kunyonya, midomo kugeuka rangi, inhela kutomsaidia.
- Kisukari: kushindwa kuzinduka, kutapika mfululizo, kupumua kwa kina na kwa haraka.

ZOEZI LA WIKI HII

Leo, saa na tarehe ya simu ikaguliwe, na kengele ya dawa iwekwe. Kesho, daftari litundikwe karibu na dawa na kila mtu nyumbani aonyeshwe. Kwa siku saba, kila dozi iwekewe alama: V kwa iliyomezwa, X kwa iliyokosekana. Jumapili, mzazi ahesabu X, kisha ajiulize ni kipi kilichosababisha kila moja: usahaulifu, safari, mtoto kukataa, au dawa kuisha. Kila sababu ina suluhisho lake, na muuguzi wa kliniki anaweza kusaidia kulitafuta akiona karatasi hiyo.